Herufi Saba za Nabintu

Nabintu,

Wiki iliyopita walikuja wageni kutazama makaburi ya kambi yetu ya wakimbizi, wale wanaokuja na daftari na viatu vya mvua hata jua likiwaka. Mmoja wao, msichana anayejua Kifaransa, alisimama mbele ya msalaba wako, akausoma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," alisema, "huyu hata jina hakuwa nalo." Akaandika kitu, akaenda kaburi linalofuata. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe hatua tano kutoka pale, fimbo yangu mapajani. Nilijua jina lako, na la baba yako, na la kilima ulikozaliwa. Ningeweza kusema. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote, na ndiyo maana leo nakuandikia.

Daktari wa Mbarara ameusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Bibi, rudi nyumbani, kaa na watu wako." Nimesoma vya kutosha kujua maneno hayo yana maana gani. Sitaki kufika huko uliko na jambo hili mdomoni.

Lakini wewe ulipenda habari zitangulie. Binti yako Zawadi amejifungua mtoto wa kike, amempa jina lako. Ana kelele. Nyumba yako hapa kijijini Misiera bado imesimama, ila mvua imekula ukuta wa upande wa ziwa, ule uliowachora magavana, na gavana wa pili sasa hana kichwa. Fatuma, yule Msomali jirani yako mwenye duka, amefunga turubai juu yake na hamruhusu mtu kuligusa. Na Haji, muuza vitambaa wa Mbarara, bado ana picha yako nyuma ya meza yake. Nilipita kumsalimu nilipotoka kwa daktari. Akaniuliza kama nimekuzika vizuri. Nikasema ndiyo.

Haya yanayofuata unayajua, lakini Zawadi atasoma barua hii, na yeye Nyumba ya Picha hakuiona kwa macho ya mtu mzima. Aliiona akiwa mgongoni kwako.

Ilikuwa nyumba ya mawe kule Bukavu, iliyojengwa na Wabelgiji na kurithiwa na mji pamoja na kila kilichokuwemo. Na vilivyokuwemo havikuwa na mpango. Chumba cha kwanza magavana wa Kizungu katika rangi za mafuta, masharubu na medali. Chumba cha pili barakoa, vigoda, vitana vya mbao, na misalaba ya shaba kutoka kusini. Mlango mmoja wa nakshi, ulioachwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, uliegemea ukuta bila kufungua popote. Halafu ukumbi wa picha zilizochorwa juu ya magunia ya unga na vijana wa mitaani: mamba-muntu, yule nguva wa ziwani, anachana nywele, treni, wafungwa wamejipanga, mpira umeingia golini. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule ya masista na nilijua kupiga taipu. Kazi yangu ilikuwa daftari kuu, na zile kadi ndogo chini ya kila kitu: ni nini, kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani. Wewe uliajiriwa kufagia.

Wivu ulianza mwezi wako wa kwanza kazini. Watu waliingia, wakainama kidogo kusoma kadi zangu, kisha wakaufuata ufagio wako. Ulionyesha kwa mpini. "Mumuangalie uyu gavana," ulisema, "anakaza tumbo. Njo mana macho inamutoka." Watu wakacheka, wakarudi kumtazama upya, na kweli alikuwa amekaza tumbo. Nilikuwa nimemtazama miaka sita sikuliona tumbo lile. Kadi zangu zilikuwa sahihi, Nabintu. Hazikuwahi kumchekesha mtu.

Siku moja ulikuja mezani kwangu na kitambaa cha vumbi mkononi. Hukujua kusoma, lakini jicho lako lilikuwa limelishika neno moja lililokuwa linarudi chini ya barakoa, chini ya vigoda, chini ya vitana, hata chini ya ule mlango.

"Mamzeli," uliniuliza, kwa ile Mademoiselle waliyoitwa wasichana waliosoma kwa masista, "uyu Bwana wa iyi jina, eko na bibi? Mana kazi yote iyi anafanyaka saa ngapi?"

Neno lilikuwa INCONNU. Kwa Kifaransa, asiyejulikana. Waliovichukua vitu vile hawakuuliza vilichongwa na nani, nami nilinakili walichokiandika. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na sikukueleza. Nilikwambia anaitwa Inkonu, mzee wa zamani sana, fundi wa kila kitu, na mke hana.

Ukasikitika kidogo. "Njo mana," ulisema. "Mutu wa bibi hangemaliza ata kigoda kimoja."

Tangu hapo ukawa unamwamkia kila unapoingia chumba cha pili. Jambo, Bwana Inkonu. Nilikusikia kutoka mezani kwangu na nikajiona mtu mwenye akili.

Kisha ukachora.

Ulichukua gunia la unga, masizi ya sufuria, vumbi la matofali na bluu ya kufulia. Ulichora soko la Kadutu mvua imelishika ghafla, wanawake wamefunika vichwa kwa mabeseni, na pembeni mmoja hana beseni, ameinua uso, anacheka. Uliileta imekunjwa ndani ya kitenge kama mtu anayeleta mboga. Mzee mkurugenzi wa nyumba ile aliitandaza mezani kwangu, juu ya daftari langu, akainyoosha pembe zote nne kwa viganja.

Hapa kuna kitu ambacho hukukijua. Mimi nilikuwa nachora. Ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, nilikuwa na karatasi nyingi za maua ndani ya chombo, kama masista walivyotufundisha, kwa rangi za kweli zilizoagizwa. Kila ua lilikuwa na majani yake sawasawa. Hakuna hata moja lililokuwa na maji ndani yake. Nilipotazama gunia lako nilihisi mvua usoni, na hapo nilijua kwamba mimi sichori.

Mkurugenzi alilitundika gunia kwa mikono yake katika ukumbi wa magunia. Akaniambia, "Andika jina lake." Wiki ileile alisafiri kutibiwa macho na hakurudi tena kazini. Nilibaki na kadi tupu ndani ya taipu. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya N. Kisha nikasikia sauti yako ukumbini, na watu wanacheka, na mmoja wao anauliza, "Hii ya mvua ni ya nani?" Vidole vikaandika walichozoea kuandika.

Ulikuja kutazama. "Iyi njo jina yangu?"

"Ndiyo," nilisema. "Jina lako lina herufi saba. Hesabu."

Ukahesabu kwa kidole, bila kuigusa kadi. Saba. Nabintu ni herufi saba, na Inconnu ni herufi saba. Shetani mwenyewe alinisaidia hesabu. Ulinishika mikono yote miwili ukaniita dada, mara moja tu, kisha ukaona aibu ukarudia Mamzeli. Kila asubuhi tangu siku ile uliifuta kadi hiyo kwa ncha ya kitenge chako kabla hujawafuta magavana. Nilikutazama ukifanya hivyo. Nilikuwa nakunywa chai.

Na kwa werevu wangu wote nilisahau jambo moja. Neno lile ndilo neno pekee ulilolijua kwa sura.

Mwaka wa tisini na sita vita vikatutoa. Wewe ulimbeba Zawadi. Mimi nilibeba daftari kuu, limefungwa kwa nailoni mara tatu. Tulipofika hapa Nakivale, Uganda, miguu imevimba, tukapewa viwanja vya jirani na turubai, nilijiambia neno ambalo leo naona haya kuliandika. Nilijiambia: sasa Nyumba ya Picha ni mimi. Maana habari zilitufikia kwamba barakoa zimebebwa, mlango wa nakshi umechanjwa kuni, na magavana wameziba matundu ya mapaa. Kilichobaki chote kilikuwa ndani ya daftari langu. Nilitengeneza rafu ya mbao za sanduku nikaliweka pale, nikangoja watu waje.

Hakuja mtu. Nani aje kutazama orodha?

Wewe ulijenga nyumba ya udongo, vyumba viwili na baraza, ukaikandika kwa samadi ya ng'ombe, ukaanza kuchora. Chumba cha kwanza, magavana. Chumba cha pili, barakoa na vigoda, kila kimoja kilipokuwa. Mlango wa nakshi uliuchora barazani, mkubwa kama ulivyokuwa, hadi mbuzi wa Fatuma alijigonga nao. Watu wakaja. Warundi, Wasomali, Wakongomani waliofika baada yetu, Wanyankole, wenyeji wa hapa, waliotoka Masha na ng'ombe zao na kuwaacha njiani wakala mahindi ya watu. Mwalimu mmoja alileta darasa zima likapanga mstari. Nawe ukaonyesha kwa mpini wa ufagio, kwa Kiswahili chetu, na watu wa lugha tano wakacheka mahali pamoja.

Nilikuja na daftari kwapani. Nilikuja kukusahihisha mbele yao. "Barakoa hii ilikuwa na chale tatu shavuni," nilisema. "Wewe umeweka mbili."

"Mamzeli, wewe uliandika tatu," ulijibu kwa upole. "Mi niliipangusaka kila siku."

Watu hawakucheka, waliona haya kwa ajili yangu, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Limeandikwa tatu. Nikafumba macho nikakumbuka kitambaa chako kikipita juu ya shavu lile, na nikajua kwamba daftari langu lilikuwa na makosa tangu mwanzo.

Lakini kilichoninyima raha si chale. Chini ya kila picha, kwenye kila ukuta, ulikuwa umechora herufi saba. Hukuziandika, ulizichora, nzuri kuliko taipu yangu ilivyowahi kuzitoa. INCONNU. Nilidhani umenivua nguo mbele ya kambi nzima.

Nilikuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini umeweka jina hilo.

Ukacheka. "Si wewe njo ulinipatiaka?"

Nimeishi na sentensi hiyo miaka kumi na saba. Nimeigeuza kila upande kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria. Ulijua? Ulikuwa unanichoma? Au ulikuwa unashukuru? Sikuthubutu kuuliza mara ya pili, na wewe uliendelea kunichotea maji kila asubuhi kwa sababu mgongo wangu ulikuwa mbovu. Waliojua Kifaransa hapa kambini walidhani ni unyenyekevu. Katekista alikwambia, "Mama, unajishusha mno," nawe ukaitikia amina bila kujua unaitikia nini. Watoto, ambao shuleni wanasoma Kiingereza, walidhani ni jina la nyumbani kwenu. Mimi peke yangu nilijua, na kujua kwangu hakukuwa na kazi yoyote isipokuwa kunila.

Unaikumbuka ile safari ya Mbarara na magunia yako matano? Ulinichukua nikusemee Kiingereza. Hakuna aliyekihitaji. Haji alitandaza lile la soko na mvua, ulilolichora upya hapa kambini, juu ya majora yake akauliza, "Inkonu ndiye nani kati yenu?" Nilifungua mdomo, wewe ulikwisha kujigusa kifua. Akaja mke wa askari kutoka kambi ya jeshi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akalishika gunia lilelile.

"Hii mimi nataka," alisema. "Afande yangu nasema ukuta ni ya kalenda. Mimi namwambia kalenda inaisha. Hii naisha?"

Haji akakataa kuliachia, wakavutana, ikabidi umwahidi yule mama kumchorea lingine lenye mvua kubwa zaidi. Kisha akanigeukia mimi, akanipima kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Na huyu mzee mwingine, yeye nafanya kazi gani?"

Ukamjibu kwa fahari, kama mtu anayemtambulisha chifu: "Uyu? Uyu njo mwenye majina."

Siku ile niliporudi sikula. Nilikuwa mzee wa miaka sabini, nalia wivu kama mke mwenza.

Sasa nifike penyewe.

Ulipokufa, homa ya siku nne tu, seremala wa Misiera aliomba jina la kuweka msalabani. Zawadi alikuwa analia, hakuweza kusema. Kijana yule wa watu akaingia nyumbani kwako, akazikuta zile herufi saba kwenye kila ukuta, akazinakili kwa uangalifu mkubwa. Tulifika kaburini nikauona msalaba umesimama. INCONNU. Wanawake wanaimba, Fatuma anashikilia kanga yangu nisianguke. Wote walidhani naanguka kwa majonzi.

Majonzi yalikuwepo, naapa. Lakini niliposoma neno lile, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Kilisema: basi mwisho wa yote, hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Hicho ndicho ninachoungama. Kadi ya Bukavu niliiandika kwa hasira ya dakika moja. Furaha ile ya kaburini ilikuwa ya mtu mzima, mwenye akili timamu, anayemzika aliyemchotea maji.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakimsuka Zawadi nywele, aliwaeleza ulichomwambia tangu utotoni. Kwamba jina lile ni la ukoo. Kwamba wote walioumba kitu kwa mikono, tangu waliochonga barakoa, ni wa ukoo huo mmoja, ndiyo maana jina linarudi. "Na mama alisema aliingizwa na Mamzeli," alisema Zawadi. "Mamzeli ndiye aliyemwandika." Wanawake wakanitazama kwa heshima. Nikainamia kikombe changu.

Kwa hiyo hadi leo sijui. Labda ulijua kila kitu, na ukalichukua tusi langu ukalishona likawa nguo. Labda uliniamini tu. Sijui ni lipi linaniumiza zaidi. Hata uongo wangu ulipofika mikononi mwako uligeuka kuwa kitu kizuri, na hilo nalo nimelionea wivu.

Lakini yule mgeni msichana hakusoma ukoo. Alisoma alichokisoma, akaandika kwenye daftari lake kwamba pale amelala mtu ambaye hakuna aliyemjua. Daftari, Nabintu. Najua madaftari yanavyofanya kazi. Neno likiandikwa leo, kesho litanakiliwa na mtu mwenye elimu kama mimi.

Juzi nilimweleza Zawadi. Nilimweleza katika chumba chako cha kwanza, chini ya gavana asiye na kichwa, na Fatuma akiwepo. Sikupamba. Zawadi alikuwa ananyonyesha, hakuinua uso. Mtoto aliposhiba alimweka begani, akampigapiga mgongo.

"Bibi," alisema mwishowe, "mama alikuchotea maji miaka yote hiyo."

Nikasema ndiyo.

"Basi lile la kwanza uliandika kwa mkono wako. Na hili utaandika kwa mkono wako."

Fatuma akaongeza, "Na uandike vizuri. Sisi hatutaki mtetemeko wa kizee pale."

Jana walinipeleka, wakinishika huku na huku. Zawadi alileta mkebe wako wa mwisho, masizi na mafuta, bado yanateleza. Seremala alitaka kuupiga ubao randa tuanze upya. Nikamkatalia. Nilifunika I nikaandika N. Nilifunika N nikaandika A. Mstari ukapinda, Fatuma akaguna, nikaendelea. C ikawa B, O ikawa I. Nilipofika ya tano nikasimama, maana ya tano ilikuwa N na inatakiwa iwe N. Ya sita nikaibadilisha. Ya saba ilikuwa U, na ni U. Herufi mbili sikuzigusa. Zilikuwa zako muda wote, hata nilipokuibia.

Watu walikusanyika. Walikuja kwa ajili yako, si kwa ajili yangu, na hata pale, brashi ikiwa mkononi, nilihisi ule mdudu wa zamani akijigeuza. Nakwambia ili usidhani nimepona. Kisha mtoto mmoja akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, Na-bi-ntu, na wote wakarudia, na mdudu akatulia kidogo.

Nakuahidi jambo moja, kwa siku nilizobakiwa nazo. Daftari kuu bado liko kwenye rafu. Nimekwisha kufungua ukurasa wa magunia na kuandika jina lako panapostahili. Wengine wale, wa vigoda na vitana, majina yao siwezi kuyapata tena. Lakini kila palipo na neno lile nalikata, mstari mmoja ulionyooka, na pembeni naandika kwa Kiswahili: Hatukuuliza. Nimefika katikati ya barakoa. Ile ya chale tatu nimeirekebisha pia. Ni mbili.

Kwaheri, Nabintu. Nikija usinipokee kwa Mamzeli. Nililiacha jina hilo linikae miaka yote kwa sababu lilinipendeza kuwa juu yako kidogo. Niite kama ulivyoniita ile mara moja, dada, au niite kwa jina langu.

Naitwa Feliciana. Lina herufi tisa. Hesabu, safari hii ni kweli.